Paa Lililokwenda Chuo Kikuu

Mvua ya Aprili mwaka jana ilinikuta nimelala chini ya Kanjo. Kanjo si mtu. Ni tundu lililo juu ya kitanda changu, na nyanya ndiye aliyelipa jina hilo kwa sababu linakuja usiku bila hodi, na hata ukilihonga leo, kesho limerudi. Tundu la sebuleni ni Mheshimiwa: unaweza kukaa miaka hulioni, halafu siku moja linajitokeza na kumwaga mpaka unashangaa. Lile la juu ya kabati ni Mama Mkwe. Halitoi maji mengi ila halinyamazi.

Usiku ule niliamka, nikasukuma kitanda ukutani, nikaweka beseni. Kutoka chumba cha pili nikasikia sauti.

"Mume wangu, umeloa?"

"Nimeloa, mke wangu."

"Pole. Nilidhani nimeolewa na mwanamume, kumbe nimeolewa na beseni."

"Si unipe talaka basi?"

"Talaka nitakupa. Niezekee kwanza."

Kwetu Majengo, hapa Pumwani, bibi na mjukuu ni watani, na mjukuu wa kiume ni mume tangu siku anayozaliwa. Hana mahari ya kulipa ila madeni anayo. Akija na mkate mdogo ataulizwa kama mke mwenza amekula nusu. Paa likivuja, basi ni yeye. Nimeitwa mume tangu sijui kufunga kamba za viatu, na utani huo sikuwahi kuusikia uchungu mpaka ulipofika kwenye mabati.

Iko hivi. Mjomba wangu mmoja, ambaye alikuwa na kazi nzuri wakati huo, alituma pesa za kuezeka nyumba nzima upya. Mabati, mbao, misumari, fundi, kila kitu. Pesa zilifika wiki ileile niliyopata barua ya kujiunga na chuo kikuu. Kikao kilikaa. Mimi niliwekwa nje, nikawa nasikiliza dirishani kama mwizi. Uamuzi ulikuwa kwamba paa limevumilia miaka yote hiyo, litavumilia minne zaidi, kijana asome, akimaliza atatuezekea hata vigae. Nilisoma miwili. Mjomba akapoteza kazi, karo ikarundikana, jina langu likaondolewa kwenye orodha ya mtihani, na nikarudi Majengo na begi lilelile. Siku hizi naandikia watu kwa malipo: makala ya meno, makala ya magodoro, wasifu wa watu wanaotafuta kazi ambazo mimi mwenyewe nazitafuta.

Nyumbani hakuna aliyenigombeza. Walinitania tu. Mgeni akija na kuangalia juu, ataambiwa, "Usione hivyo, hili paa letu limesoma. Lilifika mwaka wa pili." Shangazi yangu akiona maji yanatiririka husema, "Profesa anatoa somo." Nacheka na mimi. Utafanyaje?

Ni utani huo ulionifanya nianze kuliangalia lile paa kwa makini, kwanza kwa aibu, baadaye kwa udadisi. Nilipanda juu siku moja ya jua na lami kwenye kopo, nikakuta kwamba hatuna paa moja. Tuna mapaa kama manne, yameshikana mikono.

Bati lenyewe, hili la mawimbi, si kitu cha zamani sana. Mhandisi mmoja wa bandari ya London, Henry Robinson Palmer, alilipatia hataza mwaka 1829. Akili yake ilikuwa ndogo na kubwa kwa pamoja: chuma chembamba kikiwa bapa kinajikunja chenyewe, lakini ukikitia mawimbi kinasimama kama kina mifupa. Tatizo likawa kutu. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kukifunika chuma kwa zinki. Zinki haizuii maji kwa ukaidi tu. Inakubali kuliwa yenyewe kwanza ili chuma kisiguswe, na siku inapokwisha ndipo unaona ile rangi ya kahawia ikianza, mara nyingi kwenye tundu la msumari na pale bati moja linapolalia jingine. Nilipomweleza nyanya habari ya zinki alisikiliza vizuri, kisha akasema, "Hiyo zinki ni mama wa watoto." Hakuna mwalimu aliyewahi kunifafanulia jambo upesi hivyo.

Bati lilikuja na wakoloni kwa sababu linabebeka. Jiwe huwezi kulipakia melini, na makuti hayadumu safarini, lakini mabati unayapanga kama karata. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika kwenye kinamasi hiki tunachokiita Nairobi mwishoni mwa Mei 1899, na mji ukaota karibu mara moja: mahema, vibanda, na mistari ya nyumba za mabati za wafanyakazi wa reli. Tauni ilipoingia mwaka 1902, soko la Wahindi lilichomwa moto, likajengwa tena. Nairobi ilizaliwa ikiwa ya muda. Watu wakiona vibanda vya Mathare leo hudhani mabati ni alama ya mji ulioharibika, kana kwamba kuna Nairobi nyingine ya marumaru iliyotangulia. Haikuwapo. Hata mabwana walianza chini ya bati, wakisikia mvua kama tunavyoisikia sisi, ila wao walikuwa na dari.

Waafrika waliokuja kutafuta kazi walijenga vijiji vyao pembeni: Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani. Ndiyo, palikuwa na kijiji kinachoitwa Mombasa hapa Nairobi, na kingine kilichojiita Maskini bila kusubiri kuitwa. Nyumba zilikuwa za Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, kuta za fito na udongo. Juu, waliezeka kwa kilichopatikana, na kilichopatikana ilikuwa debe.

Hapa inabidi nisimame kidogo, maana debe ndilo shujaa wa hadithi hii na hakuna aliyelijengea sanamu. Mafuta ya taa yaliingia nchini kwenye makopo ya mraba ya galoni nne, kama lita kumi na nane, mawili mawili katika sanduku la mbao. Mafuta yakiisha, sanduku lilikuwa kiti, na debe lilikuwa kila kitu. Lilichota maji. Lilipima mahindi, na mpaka leo sokoni mtu anauza mahindi kwa debe hata kama hajawahi kuliona lile la mafuta. Ukilikata kwenye mshono, ukalikunjua na kuligongagonga kwa nyundo, unapata kipande cha chuma chembamba. Ukipata mia kadhaa unayapanga yakilaliana kama magamba ya samaki, na una paa. Linachemka mchana kama sufuria ya uji, linapiga kelele mvua ikija, lakini ni lako.

Sehemu ya paa letu iliyo juu ya jiko la nyuma ni hiyo. Magamba. Nilipofuta masizi kwa chini nikaona herufi za kampuni ya mafuta, zikiwa kichwa chini, kwa sababu aliyegongelea hakujali kusoma, alijali mvua isipite. Aliyegongelea, nyanya anasema, ni mamake. Si fundi aliyemwita. Ni yeye mwenyewe, na nyundo ya kuazima.

Bibi mkuu huyo alikuwa na nyumba Pangani. Watu wakisikia "mwenye nyumba" wa zamani humfikiria mzee mwenye kofia, lakini wenye nyumba wengi tu wa Pangani na baadaye Pumwani walikuwa wanawake, waliojenga kwa pesa zao wenyewe, za pombe, za vyakula, za vyumba vya kupangisha, na za shughuli nyingine ambazo nyanya anazipitia haraka kama anayevuka barabara. Mwanamke ambaye kwao hakuwa na haki ya kurithi hata kipande cha shamba, mjini alikuwa na vyumba sita na wapangaji wanaume wanaomwamkia asubuhi.

Pumwani ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa mahali rasmi pa Waafrika, na vijiji vya zamani vikaanza kubomolewa ili watu wahamie huku. Pangani ilichelewa. Ilisimama mpaka mwishoni mwa miaka ya 1930, ikavunjwa, na nyumba za Shauri Moyo zikajengwa kwa ajili ya waliotolewa. Nyumba hizo zilikuwa za serikali ya mji. Aliyekuwa mwenye nyumba Pangani, huko angekuwa mpangaji. Bibi mkuu hakutaka. Alivua paa lake kipande kwa kipande, akaling'oa misumari na kuinyoosha, akavibeba vyote kwa mkokoteni kuja Majengo, kwa dada wa hiari aliyekuwa na nafasi upande wa uani. Udongo wa kuta aliuacha. Udongo upo kila mahali.

Sijui kama umeelewa hapo. Mimi ilinichukua muda. Majengo yenyewe ardhi haikuwa yako. Ulipewa ruhusa ya kujenga, ukalipa ada, na waliotoa ruhusa waliweza kuiondoa. Nyumba ilikuwa yako kuanzia udongo kwenda juu, udongo wenyewe la. Kwa hiyo mali ya kweli, ile ambayo mtu anaweza kuondoka nayo siku ya siku, ilikuwa paa. Ndiyo maana watu wa hapa hawakuezeka upya ovyo. Walitia kiraka. Walitia kiraka juu ya kiraka, wakalicheka paa lao hadharani, na mgeni akadhani ni uvivu.

Upande wa mamangu ni Murang'a, na huko bati lina historia nyingine kabisa. Shosho wa kule alizoea nyumba ya nyasi. Halafu ikaja Hali ya Hatari, na kuanzia 1954 watu wakakusanywa kwenye vijiji vyenye mitaro na walinzi, mashamba yakaunganishwa na kupimwa upya, kila mtu akapewa kipande chake na ua wake. Uhuru ulipokuja, nyasi za kuezekea zilikuwa zimeadimika, kwa sababu yale malisho ya wote zilikoota sasa yalikuwa shamba la kahawa la mtu. Katika miaka ya 1960 wanawake wa huko Kati wakaanza vikundi ambavyo jina lake lilikuwa lilelile la kilichotafutwa: vikundi vya mabati. Walilima kwa pamoja kwa malipo, waliimba na kucheza kwa malipo, wakachanga, wakanunua mabati na kuezekea mmoja, kisha wa pili, mpaka wote wakafikiwa. Bati lilimaanisha pia mfereji na pipa, maji ya mvua mlangoni badala ya kubeba mgongoni kutoka mtoni. Shosho akikuambia siku aliyoezekewa, anakuambia kwanza habari ya maji, paa linafuata.

Kwa hiyo unaweza kufikiria mabibi wawili hawa walivyokutana kwenye harusi ya wazazi wangu na baadaye kwenye kila msiba. Shosho alikuja Majengo mara ya kwanza, akaangalia juu, akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Mama, hii nyumba mmeshona ama mmejenga?"

Nyanya akamjibu, "Tumeshona, mama. Sisi watu wa mji tunavaa viraka. Nyinyi mnavaa sare."

Wamekuwa marafiki tangu siku hiyo. Shosho akituma ndizi huweka na msumari mmoja ndani ya gunia. Mmoja tu. "Wa kuanzia," husema.

Mwaka jana, basi, baada ya mvua ile, nilipata malipo ya kazi tatu kwa mpigo, jambo ambalo halijawahi kutokea na sidhani litarudi. Nikamleta fundi. Alizunguka huku ameinua kidevu, akigonga hapa na pale kwa kalamu ya mbao, na alipomaliza alinipa somo ambalo lingenifaa kabla sijapanda na kopo langu la lami.

"Nani alipiga hii misumari?"

"Ni mimi."

"Umepiga bondeni. Maji yanapita wapi? Bondeni. Msumari unapigwa mgongoni mwa bati, boss, juu kwenye wimbi. Wewe umeyachimbia maji kisima."

Nyanya alikuwa kwenye kigoda chake anasafisha mchele. Hakuinua kichwa. "Mwachie, fundi. Hicho walikuwa wafundishwe mwaka wa tatu."

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatoa hesabu. Viraka, siku mbili, nafuu. Kuezeka upya, mabati ya geji 30, maana geji ikipanda bati linakuwa jembamba, na haya ya 32 ukiyakanyaga yanakunja uso. Mbao nyingine zimeliwa na mchwa. Akataja bei. Nilizotoa meno na magodoro zilitosha kama robo.

Nilimwambia nyanya tuanze na robo hiyo, kila nikipata naongeza, mpaka nyumba nzima iwe mpya. Alikataa. Nikamtania, nikamwambia labda anaogopa nyumba ikipendeza nitaoa mwingine. Hakucheka. Akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia. Miaka michache baada ya uhuru, upande wa pili wa njia yetu palikuwa na mama mwenye nyumba, rafiki wa mamake, aliyeamua kwamba sasa nchi ni yetu na mambo ya viraka yameisha. Akauza vitu vyake vya dhahabu, akaezeka mabati mapya, yanang'aa mpaka watoto walifumba macho. Kabla mvua mbili hazijapita, nyumba za upande ule zikatiwa alama, zikabomolewa kupisha nyumba za kisasa. Waliobomoa walianza na paa. Hayo mabati mapya yalikunjwa kama karatasi. Yale magamba ya debe ya majirani, ambao walikuwa wamejua mapema na kuyavua usiku, yalisalimika.

"Bati jipya linaonekana mbali," nyanya alisema.

Nilitaka kumwambia kwamba siku hizi ni tofauti, halafu nikakumbuka habari ninazosoma kila msimu, nikanyamaza. Badala yake nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba tangu nirudi na begi. Kama hivyo ndivyo, zile pesa za mjomba, angeziezekea kweli?

Alichekecha mchele kidogo. "Mimi sikutaka paa. Mimi nilitaka upate kile cheti, nikitundike pale chini ya Mama Mkwe, kizuie maji."

Nikacheka. Naye akacheka, na nikatoka nje kwenda kumlipa fundi posho yake ya kuja, nikakaa huko kitambo zaidi ya ilivyohitajika.

Tuliishia katikati. Mabati sita, geji 30, juu ya chumba changu na nusu ya sebule. Pengine viraka. Nilinunua misumari yenye vichwa vya mwavuli, na fundi akaniagiza nimletee patipati zilizokufa, akazikata vipande vidogo vya mviringo, akavivisha kila msumari kipande kimoja kabla ya kuupiga, ili mpira ubane tundu. Nilipanda naye. Nilipiga misumari kumi na minne, yote mgongoni. Nyanya aliamuru mabati mapya yapakwe matope kwa juu, ili yasing'ae, na fundi alipodhani ni utani akamwambia hapana, yeye anataniana na mumewe tu.

Magamba ya jikoni hatukuyagusa. Fundi alisema ni takataka. Nyanya akamwambia takataka hizo zimehama mara moja na zinaijua njia.

Mvua iliporudi nililala chini ya mabati sita, pakavu, nikisikia ile sauti ikipita juu bila kunitafuta. Nilikuwa karibu kusinzia niliposikia tone, halafu jingine, halafu beseni likiburutwa sakafuni upande wa pili.

"Mume wangu."

"Naam, mke wangu."

"Kanjo amehamia kwangu."